Gofu ya kusi Tanga: swingi, vifaa na sheria pale upepo unapokugeukia

#1 Mwanakusi

Habari za jioni wakuu. Kusi imeshashika na mpaka Septemba haitatuachia, kwa hiyo uzi huu naufungua mapema. Anayecheza hapa Tanga saa moja asubuhi na anayecheza saa tisa alasiri ni kama wako kwenye viwanja viwili tofauti, ingawa mashimo ni yaleyale. Asubuhi makuti ya minazi yametulia. Ikishapita saa tano, upepo wa bahari unaingia na kila namba uliyoizoea inabadilika.

Nina hoja moja na nitaitetea humu: upepo wa usoni haushindwi kwa nguvu. Wengi wakiona bendera imelala kuwaelekea, wanashika ayoni (fimbo ya kichwa cha chuma) ileile ya siku zote, wanakaza mikono na kupiga kwa nguvu zote. Mpira unatoka vizuri, unapanda, unaning'inia angani kama tiara, halafu unadondoka yadi 30 kabla ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Lawama anatupiwa upepo. Ukweli ni kwamba kwa lofti (mlalo wa uso wa fimbo) ileile, ukiongeza kasi ya fimbo unaongeza na spini ya kurudi nyuma, na spini hiyo ndiyo inayounyanyua mpira. Upepo wa usoni unaizidisha, kwa sababu mpira unakutana na hewa kwa kasi yake wenyewe ukijumlisha kasi ya upepo.

Fanya hivi. Kama umbali ni wa ayoni 8, chukua 6 (namba ndogo inapeleka mbali zaidi). Shika gripu (sehemu ya kushikia fimbo) sentimita 2 hadi 3 chini ya unaposhika kawaida. Sogeza mpira nyuma kwa upana wa mpira mmoja tu. Uzito uelemee mguu wa mbele tangu unaposimama, na ubaki hukohuko. Rudisha fimbo mpaka mikono ifike usawa wa kifua, shuka bila haraka, malizia mikono ikiwa usawa wa kifua upande wa pili. Angalia unapomalizia: fimbo ikikufikia mgongoni ujue umepiga kwa nguvu, hata kama moyoni ulidhani umepiga taratibu.

Kosa linalofuata hapo ni kusogeza mpira nyuma mno, mpaka unakaribia kidole gumba cha mguu wa nyuma. Fimbo inashuka wima, inachimba, na uso wake unafika kwenye mpira kabla haujapata muda wa kujifunga, yaani kurudi kutazama shabaha. Mpira unaruka chini kweli, lakini unakwenda kulia. (Naandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.)

#2 Bint Chumbageni

Asante kaka Mwanakusi, hilo la tiara nimelielewa. Naomba uongeze mambo mawili. Kwanza, tunakadiriaje yadi? Pili, si unyevu pia unachangia? Hewa ya Tanga ni nzito, ndiyo maana mpira wetu hauendi kama wa Arusha.

#3 Hesabu72

Dada, la pili nianze nalo mimi, maana kila mtu analirudia na si sahihi. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lilelile, kwa sababu mvuke wa maji ni mwepesi kuliko naitrojeni na oksijeni unazozisukuma. Tofauti yake kwa mpira wa gofu ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona kwa macho. Kinachotutenganisha na Arusha ni mwinuko. Sisi tuko usawa wa bahari, wao wako mita 1,400 hivi, na huko hewa ni nyembamba. Kadiria nyongeza ya zaidi kidogo ya asilimia 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Pigo lako la yadi 150 la hapa, kule linakaribia 158. Anayetoka Tanga kwenda mashindano Arusha bila kulijua hilo atashinda siku nzima nyuma ya grini, na nyuma ya grini mara nyingi ndiko kubaya.

Makadirio ya upepo: usoni, toa asilimia 1 kwa kila kilomita 1.6 kwa saa. Mgongoni, ongeza nusu yake. Kwa hiyo yadi 150 na upepo wa kilomita 16 kwa saa, usoni unapoteza kama 15, mgongoni unapata 7 au 8. Wengi wanahesabu sawa kwa sawa na hapo ndipo wanapokosea. Upepo wa usoni unakula mara mbili ya unachokupa wa mgongoni.

Usiusome upepo kwa majani unayorusha miguuni tu. Tazama vilele vya minazi. Mpira wa ayoni 7 uliopigwa kawaida unapita juu ya mnazi wa wastani, na huko juu upepo ni mkali kuliko ulipo wewe.

#4 Mwana wa Pangani

Nakubaliana na #1 kwa ayoni. Kwa draiva, fimbo ya kupiga mbali, naongeza. Watu wanashusha tii (kijiti kinachobeba mpira) mpaka mpira unakaribia kugusa nyasi wakidhani utaruka chini. Matokeo yake wanaupiga kwa kushuka, spini inapanda, na mpira unapaa vilevile. Acha tii karibu na urefu wako wa kawaida, nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva, halafu shika chini kidogo na upige kwa asilimia 80. Mpira uliopigwa katikati ya uso kwa kasi ndogo unaushinda uliopigwa ukingoni kwa kasi kubwa, na kwenye upepo tofauti hiyo inakuwa kubwa zaidi.

Upepo wa ubavuni: kama una slaisi, yaani mpira wako unapinda kulia, na upepo unatoka kushoto, usijaribu kupigana nao. Lenga kushoto, acha ukuletee mpira. Ila jua kwamba mpira unaopinda kwa kufuata upepo ukitua unakimbia, na unaopinda kinyume chake unatua na kusimama.

#5 Kijana wa Makorora

Shikamooni wakubwa. Mimi slaisi ndiyo ugonjwa. Nimeambiwa nielekeze mwili kushoto zaidi lakini mpira ndiyo unazidi kupinda. Kwa nini?

#6 Mwanakusi

Marahaba mwanangu. Unazidi kwa sababu umeongeza chanzo chake. Mpira unaanza safari kuelekea kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugusana, kwa sehemu kubwa sana. Halafu unapinda kutoka kwenye njia ambayo fimbo ilikuwa inapita. Zamani walimu wengi walifundisha kinyume, kwamba mpira unaanza kwenye njia na kumalizia kwenye uso. Vipimo vya rada vimelimaliza hilo. Ukielekeza mabega kushoto, fimbo nayo inapita kushoto zaidi, ilhali uso umebaki kutazama bendera. Pengo kati ya uso na njia limekuwa kubwa, na pengo hilo ndilo slaisi yenyewe.

Anza na mkono wa kushoto, usianze na swingi. Shika fimbo, tazama chini. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, uso utafika wazi, yaani ukitazama kulia, kila siku. Vionekane viwili na nusu hivi. Mfereji kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega la kulia, siyo kidevu. Gripu ipite kwenye mashina ya vidole, isilale kiganjani. Utaona vibaya, mkono utahisi mgeni, na mipira ya mwanzo itakwenda kushoto moja kwa moja. Usirudi nyuma. Mpira unaokwenda kushoto bila kupinda kulia unakuambia uso sasa umejifunga kuendana na njia yako. Hapo ndipo unarekebisha mabega yawe sambamba na shabaha, na njia inafuata.

Wengi wanafanya hatua ya pili kabla ya ya kwanza. Wanalazimisha njia itoke ndani, upande wa mwili, kwenda nje wakati uso bado wazi, mpira unakwenda porini kulia, wanakata tamaa.

#7 Fundi Gripu

Mwanakusi amesema gripu ya mikono, mimi nizungumzie gripu yenyewe, ule mpira unaovishwa kwenye fimbo, maana hapa pwani inakufa haraka na watu hawaiangalii. Jasho, chumvi na joto vinaifanya iwe ngumu na yenye kung'aa. Gripu inayong'aa inateleza, mkono unabana ili kuizuia, na mkono uliobana haugeuzi uso wa fimbo. Sehemu ya slaisi za watu iko pale.

Kwanza osha: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, brashi laini, suuza, kausha kivulini. Ikibaki ngumu baada ya hapo, badilisha. Kata ya zamani kwa kisu cha ndoano ukisukuma kisu mbali na mwili, na kama shafti (mti wa fimbo) ni ya grafiti usizamishe ncha, ukiikwaruza nyuzi zake itakatikia hapohapo siku moja. Bandua utepe wote wa zamani, mabaki yanaleta vinundu. Zungushia utepe wa gundi pande mbili, uache sentimita moja hivi izidi mwisho wa shafti na uikunjie ndani ya tundu. Ziba kwa kidole kitundu kilichoko kwenye kitako cha gripu mpya, mimina tapentaini ya duka la rangi ndani, tikisa, kisha imwagie utepe wote. Sukuma gripu kwa mwendo mmoja bila kusita, mpaka uhisi imegonga mwisho. Una sekunde chache za kunyoosha alama zake ziendane na uso wa fimbo. Iache mpaka kesho yake.

Usitumie mafuta ya taa. Hayakauki yote, yanabaki chini ya mpira, na gripu itazunguka mkononi katikati ya swingi. Petroli inakauka kabla hujamaliza kusukuma, na ni hatari ya moto.

#8 Mwana wa Pangani

Fundi, gusia na kutu na fimbo za mtumba. Hapo watu wanapoteza hela.

#9 Fundi Gripu

Kutu: weji (fimbo za mapigo mafupi) zisizo na kromu, zile za chuma ghafi, zinashika kutu ndani ya siku moja zikiachwa na mchanga wenye chumvi. Kutu kidogo usoni haiharibu mchezo. Inayoharibu ni ile ya shafti ya chuma inayoanzia pale inapoingia kichwani, chini ya ile pete nyeusi ya plastiki, kwa sababu huioni. Ukimaliza raundi osha vichwa kwa maji ya bomba, futa, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kwenye chuma, mbali na gripu. Na usilaze begi kwenye buti la gari linaloshinda juani. Gundi inayoshika kichwa inalainika kwa joto, kichwa kinaanza kulegea, na siku moja kitaruka. Dalili yake ni ile pete kupanda juu na kuacha mwanya wa milimita moja au mbili. Ukiuona mwanya huo, usipige tena mpaka ifungwe upya.

Mtumba: chukua sumaku ndogo. Draiva inayoitwa ya titani ikinasa sumaku usoni, si titani. Panga ayoni zote ukutani kwa mfuatano, urefu upungue hatua kwa hatua. Ikikatika hatua ujue moja imeshabadilishwa shafti. Halafu geuza uangalie tumbo la kila fimbo. Likiwa limelika upande wa kisigino, fimbo imesimama wima mno kwa mwenye nayo na mipira ilikuwa inakwenda kushoto. Likilika upande wa ncha, imelala mno. Si kasoro ya fimbo, lakini kama nawe umbo lako ni kama lake, tatizo lake umelinunua.

#10 Bint Chumbageni

Sheria sasa, tafadhali. Tunabishana kila wiki kuhusu makuti. Kuti limeanguka bankani, kwenye shimo la mchanga, limegusa mpira. Mimi nasema haligusiki.

#11 Kadi Safi

Dada Bint, ulikuwa sahihi mpaka mwisho wa 2018. Tangu 2019 unaruhusiwa kuondoa vitu vya asili vilivyo huru hata bankani: kuti, nazi, majani, mawe. Ukubwa si hoja, hata watu wawili wakisaidiana kulibeba. Lakini mpira ukisogea kwa sababu ya kuliondoa, pigo moja la adhabu na unaurudisha ulipokuwa. Kwenye grini na kwenye eneo la kuanzia shimo tu ndiko hakuna adhabu. Kwa hiyo kuti linaloegemea mpira ni hesabu: inua ule upande wa mbali kwanza, ona kama mpira unatikisika, ukitikisika acha. Na kuti ambalo bado limeshikana na mnazi, hata kwa uzi mmoja, si kitu huru. Usilikate.

Bado huruhusiwi kugusa mchanga kwa kusudi la kuupima, wala kuugusa na fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala kwenye swingi za mazoezi.

Mpira ulionasa juu ya mnazi: una dakika 3 za kutafuta tangu uanze, siyo 5 kama zamani. Ukiuona juu na kuitambua alama yako, tangaza hauchezeki, pigo moja la adhabu, na unadondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka kwenye nukta ya ardhini iliyo chini yake moja kwa moja, usikaribie shimo. Ukiuona mpira lakini hujui ni wa nani, umepotea. Ndiyo maana weka alama kwa wino wa kudumu, nukta tatu za rangi moja, pande mbili za mpira. Namba ya kiwandani haitoshi.

#12 Kijana wa Makorora

Na kunguru? Wale weusi wenye shingo ya kijivu wanabeba mipira feawei, kwenye nyasi fupi za katikati.

#13 Kadi Safi

Kunguru akiinua mpira uliosimama, hakuna adhabu. Unaweka mpira huo, au mwingine kama huo haupatikani kwa urahisi, pale ulipokuwa. Kama hupajui kamili, unakadiria. Sharti ni moja: iwe imejulikana au karibu ni hakika kuwa ni yeye. Mtu amemwona, au amemsikia akigonga na kuruka nao. Kusema "hapa kunguru ni wengi" haitoshi, hapo mpira wako umepotea na unarudi ulikopiga na adhabu ya pigo moja.

Ndiyo faida ya mpira wa akiba. Kabla ya kuupiga, tamka kwa sauti kwamba unapiga mpira wa akiba. Ukisema tu "ngoja nipige mwingine", huo mwingine ndio umeshakuwa mpira unaochezwa, na ule wa kwanza umekufa hata ukikutwa katikati ya feawei.

Siafu na nyuki wana nafuu yao ya bure, kwa kuwa ni wanyama wa hatari: tafuta mahali pa karibu pasipo hatari, dondosha ndani ya urefu wa fimbo moja. Kichuguu cha mchwa kilicho kigumu hakihesabiwi shimo la mnyama. Muombeni kamati ya mashindano waandike kanuni ya uwanja.

#14 Hesabu72

Kadi nayo, yaani karatasi ya kuandikia mapigo. Hili halihusu upepo lakini linaumiza zaidi. 1968 kwenye mashindano ya Masters, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipata 3 shimo la 17, mwenzake akamwandikia 4, naye akasaini bila kuhakiki. Ukisaini namba kubwa kuliko uliyopata, inabaki hiyohiyo. Alikosa marudio ya kuamua mshindi na Bob Goalby kwa pigo moja la kalamu. Ukisaini ndogo, unaondolewa kabisa. Soma shimo kwa shimo, jumla si kazi yako. Kazi yako ni namba za mashimo.

Na hesabu fimbo begini kabla ya kuanza. 14, mwisho. Ian Woosnam kwenye mashindano ya The Open ya 2001, raundi ya mwisho, alikutwa na 15 begini baada ya shimo la kwanza, adhabu mapigo mawili.

#15 Mwana wa Pangani

Kwa kuwa mmetaja wakubwa: nani mnamwiga kwa upepo huu? Naona vijana wote wanatazama Tiger Woods. Sibishi, ameshinda mejari (mashindano makuu) 15, na US Open ya 2000 alishinda kwa tofauti ya mapigo 15. Lakini mwili ule na kasi ile si vya kunakili.

#16 Mwanakusi

Kwa kusi ya Tanga, Lee Trevino. Amekulia Texas kwenye upepo, swingi amejifunza mwenyewe, mejari 6. Tazama alivyosimama wazi (miguu ikielekea kushoto ya shabaha), mpira chini, fedi ndogo (mpira unaopinda kulia kidogo), na mikono inavyopita mpira bila uso kupinduka. Fedi yake ilikuwa ya kukusudia, na tofauti yake na slaisi ni kwamba pengo kati ya uso na njia ni dogo na ni lilelile kila pigo. Wa pili Peter Thomson wa Australia, aliyeshinda The Open mara 5 kwa kupiga taratibu na kuacha ardhi ikimbize mpira. Wa tatu Tom Watson. 2009, akiwa na miaka 59, aliongoza The Open pale Turnberry mpaka shimo la mwisho, la 72, akashindwa na Stewart Cink kwenye marudio. Mtu wa umri ule hakufika pale kwa kupiga mbali. Alijua mpira wa chini.

#17 Bint Chumbageni

Na Seve Ballesteros mnamwachaje? Alijifunza pwani, kwenye mchanga wa Pedreña, na ayoni 3 moja. Sisi tunao mchanga mlangoni hapa, maji yakipwa, na hatuutumii.

#18 Mwanakusi

Umenena dada, na ndilo zoezi bora kuliko ndoo ya mipira. Nenda maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga uliolowa na kushikana, siyo ule mkavu wa juu. Mchanga mkavu unaficha kosa, wa maji unaliandika. Chora mstari kwa kisigino cha fimbo, urefu wa mita moja, ukikatisha unakopiga, kama msalaba. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu, ufikirie mpira uko juu yake. Piga bila mpira, swingi ya nusu, mara 10, kila mara ukisogea sentimita 10 kwenye mstari. Halafu rudi usome.

Alama ikianzia mbele ya mstari, upande wa shabaha, mpira ungepigwa kabla ya ardhi. Ikianzia nyuma, ungechimba. Ukiona zote 10 zimeanzia nyuma, uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Zikitawanyika, tatizo ni kichwa au magoti yanayopanda na kushuka. Zikiwa ndefu na nyembamba kama ganda la ndizi, ndiyo hiyo swingi ya upepo. Zikiwa fupi na za kina, umeshuka wima, rudisha mpira mbele kidogo.

Tumia ayoni ya zamani, mchanga unakwaruza uso. Kisha fuata maelezo ya Fundi Gripu, maji ya bomba siku hiyohiyo.

#19 Kijana wa Makorora

Alama zangu zote zimeanza nyuma, na zinaelekea kushoto ya shabaha.

#20 Mwanakusi

Hiyo ya kushoto ndiyo njia ya slaisi yako, mchanga umekuonyesha. Usiiguse kwanza. Wiki hii shika ule mkono wa kushoto, vifundo viwili na nusu, na anza kila pigo uzito ukiwa mguu wa mbele. Ukienda tena, tazama zimeanzia wapi tu. Kushoto tutalishughulikia zikishavuka mstari.